Nilimpunguzia mama mkwe miaka, sasa chanjo ya wazee imemkataa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, naandika huku mdogo ananyonya na mkubwa ananivuta kanga, kichwa kimevurugika hata sijui nianzie wapi.

Naishi Kisanga, wilaya ya Kilosa, nina watoto wawili. Mume wangu Nickson ni mlinzi kwenye hoteli moja Mikumi, anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo siku zote niko na mama yake, mama Magdalena, na nisiseme uongo, mama huyu ananipenda kuliko ninavyostahili. Masika iliyopita alilazwa siku tisa kwa homa ya mapafu, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani na mimba yangu ya miezi minane, na daktari alipomruhusu aliniita pembeni akasema, "Dada, mapafu haya mara ya pili sijui." Basi mwezi uliopita kwenye mkutano wa kijiji mhudumu wa afya akatangaza kwamba bima yetu imeongeza chanjo ya ugonjwa huo kwa wazee, kuanzia miaka sitini, mtu aje na kadi yake tu, nikafurahi, kesho yake asubuhi tukaenda zahanati. Nesi akatazama kadi, akamtazama mama, akaitazama tena kadi.

"Mama, hapa una miaka hamsini na tatu. Wewe bado binti, mpishe bibi aliye nyuma yako."

Foleni nzima ikacheka, na mama naye akacheka, akasema, "Si mnaiona ngozi yenyewe!" lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke, maana miaka ile niliiandika mimi.

Ni hivi mshauri. Nilipoolewa tu walikuja watu wa kuandikisha vitambulisho, na pale nyumbani mwenye kidato cha nne nilikuwa mimi, nikapewa kalamu nijaze fomu za wote. Mama akaniinamia sikioni akasema andika nimezaliwa mwaka sabini na mbili. Nikasema mama, mbona Nickson aliniambia sitini na moja? Akasema, "Wewe andika. Mnyapara akijua nakaribia sitini hataniita tena palizi." Maana anafanya kibarua kwenye shamba la mtu, na mnyapara wa pale wazee hawataki. Mimi bibi harusi wa wiki tatu ningembishia mama mkwe? Nikaandika, sikuwaza hata kwamba shemeji yangu mkubwa, Stefano, yeye ni wa mwaka themanini. Kadi ya bima nayo ikafuata kitambulisho.

Sasa nimemwambia twende tukarekebishe, hataki kusikia. "Nikizeeka kwenye karatasi, nikae hapa nidonoe cha mwanangu kama kuku mgonjwa?" Jirani yetu Bi Siwema ana miaka sabini na sindano anaiogopa kama nyoka, ameniletea kadi yake, anasema, "Alhamisi wanachanja Mikumi, huko hawatujui, vizee wote tunafanana." Kadi ninayo chini ya godoro. Nickson hajui lolote. Mama akikohoa chumba cha pili, mimi naamka kwenda kumsikiliza. Nikitumia kadi ya mtu ni udanganyifu, nikisema ukweli nimemvunjia mama heshima na kibarua chake, nikinyamaza masika ndiyo hiyo inakuja. Nishike lipi mshauri?

Mama Yared, Kisanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mama Yared. Pole, mwanangu, umechoka na bado umekumbuka kifua cha mama wa mwenzio. Hilo nakusifu. Mengine nakugombeza.

Umemaliza kidato cha nne, hesabu ya kutoa ikakushinda? Kwa kalamu yako, mama Magdalena alimzaa Stefano akiwa na miaka minane. Ulimtii mama, sawa, ulikuwa mgeni nyumbani. Leo si mgeni tena.

Kadi ya Bi Siwema mrudishie leo, kabla hujabandika chungu cha jioni. Mama akichanjwa kwa kadi ile, daftari litasema amechanjwa Siwema. Siku Bi Siwema akipata ujasiri ataambiwa alishachanjwa, na mama yako akiugua, daktari atafungua jina lake akute patupu. Utakuwa umewaharibia wazee wawili kwa sindano moja.

Kisha usimseme mama mbele ya watu, wala usimzunguke. Keti naye, mwambie, "Mama, kosa niliandika mimi, nisaidie nilifute." Muulize alibatizwa wapi. Daftari la kanisa halikumwogopa mnyapara, mwaka wa kweli huenda umo. Nendeni naye kwa mtendaji wa kijiji, mwombe barua, halafu ofisi ya vitambulisho Kilosa mkaulize wanataka kiapo gani. Semeni ukweli wote, msitunge uongo wa pili. Alhamisi itapita, na ipite. Nendeni kwa nesi yule yule, mwelezeni, mwulizeni afanye nini wakati karatasi inashughulikiwa na chanjo itatolewa tena lini. Na Nickson umwambie kwa simu jioni hii hii. Ni mama yake, na safari ya Kilosa ni yake pia.

Watoto wetu tunawapeleka kliniki bila kuulizwa. Mzee akikohoa tunasema ni uzee tu. Sasa bima imekumbuka kifua cha mzee, ninyi mmemfungia mlango kwa wino.

Ila nimemsikia na mama. Haogopi sindano. Anaogopa kukaa bure. Hilo usilipuuze, na usimdanganye kwamba mnyapara atamwelewa, pengine hatamwelewa. Lakini mapafu yaliyolazwa siku tisa hayana kazi kwenye palizi ya mvua, kadi iseme hamsini au sitini. Wewe una watoto wawili na mikono miwili, na barua hii umeiandika mtoto akiwa titini. Kazi imejaa humo ndani, hakuna aliyemwomba tu.

Akikuuliza nani atamwita kazini akishazeeka kwenye karatasi, usimjibu kwa maneno mengi. Mwekee mjukuu mapajani, useme, "Nakuita mimi, mama. Anza leo."