Sura ya Tatu na Mtoto Wetu

Minza, mke wangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipofika Mwamapalala kwa mara ya kwanza. Linahusu mtoto wetu wa mwisho, yule niliyekuambia alizaliwa amekufa.

Tangu tukuzike nimeishiwa nguvu. Binti yetu Kabula ndiye ananiogesha. Kitabu changu bado kinafundishwa. Wanafunzi wa udaktari hufika hapa Bariadi kuniuliza ni nani anastahili kuhesabiwa mtu, nami huwajibu kwa ile sauti uliyokuwa ukiicheka, ukinitania: "Haya, Baba Kabula, leo mtu ni nani?"

Unaikumbuka sura ya tatu. Niliandika kwamba wazee wetu hawakumwekea matanga mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina, kwa hiyo hata wao walijua bado hajawa mtu. Nilisifiwa sana. Sikuwa nimemuuliza mwanamke hata mmoja. Baadaye mno, mama yako aliniambia bila kunitazama: "Mkwe, tulinyamaza ili mzazi apone. Nani alikwambia hatukumhesabu?"

Siku ile miezi ilikuwa haijatimia. Ulizimia, damu inatoka. Mkunga akamfunga mtoto kwenye kitenge chako, akasema, "Mwalimu, gari la mnunuzi liko pale kwenye mzani. Twende nao hospitali wote wawili."

Nafasi ilikuwepo, Minza.

Nikamjibu, "Mpeleke mama. Huyo bado si mtu." Niliiamini sura yangu kuliko macho yangu. Nikabaki na kile kitenge mpaka kikatulia. Mkunga nilimwomba asiseme. Hakusema. Wala hakunisalimia tena.

Ukarudi, ukajilaumu kwa ule mzigo wa pamba uliojitwisha mpaka mzanini. Miaka yote uliniomba msamaha. Na mimi, mwanafalsafa, nikakusamehe!

Kabula atanipeleka Mwamapalala. Pale nilipomfukia nitaweka jina ulilomchagulia, Holo. Sura ya tatu nitaifuta mwenyewe, mkono ukikubali. Nimewaambia wasinizike karibu nawe. Pumzika bila mimi.

Kwaheri, Minza. Mtoto alilia. Alilia mara mbili, halafu akanishika kidole.