Karata Niliyoigeuza

Bibi Scholastika mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikikuomba unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, na kama gazeti halitawahi basi humu ndani nimeweka bahasha yenye stempu na anwani yangu, ila jina langu usilichape.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Kibosho, nakaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nashona nguo, sina mume wala mtoto, na kabla ya kupata cherehani nilifanya kazi miaka tisa kwa bibi mmoja Mgiriki aliyeitwa Despina, ghorofani kule Mchafukoge. Huyo bibi kila asubuhi kabla ya kahawa alikuwa anavuta karata moja, si hizi za kopa na shupaza wanazocheza wanaume barazani, ni karata kubwa za picha, za kutabiria, ziko sabini na nane, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye akanifundisha maana zake moja moja, na mwaka sabini na moja aliporudi kwao akaniachia pakiti nzima pamoja na masufuria yake. Nilikuwa siwavutii watu, naapa, mpaka alipokuja Zamzam.

Zamzam ni binti wa Lindi, ana miaka ishirini na sita, alihamia chumba cha pili na mumewe Nassibu ambaye ni bwana shamba, na tangu wiki ya kwanza tulipatana, yeye akawa mkataji na mimi mshonaji, tunashona sare za shule barazani, tunapika chungu kimoja, ananiita dada. Basi Nassibu akahamishiwa kusini, kijiji kipya cha ujamaa, akasema atamwita mkewe akishapata nyumba. Siku moja mama yake Zamzam alikuwa anaumwa huko Lindi, naye akaniomba nimvutie karata, ikatoka yenye picha ya jua, nikamwambia hiyo ni nzuri kuliko zote, na wiki hiyohiyo ikaja barua kwamba mama amepata nafuu. Kuanzia hapo akaniamini kama anavyoamini kalenda ya ukutani.

Mwezi wa Agosti Nassibu akaandika: nyumba tayari, njoo. Zamzam akaja na barua mkononi, akakaa karibu yangu mkekani, akasema, "Dada, hebu tuulize kwanza. Niende sasa au ningoje?" Nikachanganya karata, akavuta moja mwenyewe, akailaza mbele yetu. Ilikuwa ile ya kijana aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini, mikono nyuma, uso wake umetulia tu. Bibi Despina alinifundisha kwamba karata hiyo ina maana mbili kwa jinsi inavyolala: kijana akiwa kichwa chini, ngoja, usijitikise, lakini karata ikitoka imepinduka, kijana akaonekana kama amesimama, basi kungoja kumetosha, inuka uende. Na siku ile ilitoka imepinduka, Bibi Scholastika. Kijana alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Zamzam mwenyewe alicheka akasema, "Mbona huyu anacheza ngoma?"

Mimi nikaiokota kama mtu anayeipeleka kwenye mwanga aione vizuri, na nilipoirudisha mkekani nikaigeuza. Nikamwambia, "Hachezi, mdogo wangu. Amening'inizwa. Maana yake ungoje."

Akangoja. Mwezi wa Novemba Nassibu akamwita tena, na Zamzam akataka tuvute nyingine, nami nikamwambia jambo moja huulizwa mara moja tu, ukirudia karata inakasirika, maneno ambayo Bibi Despina hakuyasema kamwe. Akangoja tena. Sasa imekuja barua ya tatu. Nassibu anasema amemwita mara mbili hakwenda, wazee wa pale wamemtafutia mwanamke mwingine, na kama Zamzam hatafika kabla mvua za masika hazijafunga barabara kule Rufiji, ataoa huyo na atamtumia yeye talaka yake. Zamzam analia huku anakata vitambaa, amekata mikono ya shati mitatu ya upande mmoja, na ameniambia Jumamosi tuvute karata mpya, aulize aende au akubali kuachwa.

Sikuwa na chuki naye. Nilipoiona ile karata niliona baraza lina mtu mmoja, nikaona najipakulia chakula peke yangu, mkono ukageuza kabla sijafikiri. Swali langu ni hili: je, nipange karata nzuri iwe juu, avute ya safari, aende zake kwa furaha na mambo yaishe bila mtu kuumia? Au nimwambie ukweli nimpoteze kabisa? Mimi ni mtu wa kanisa, najua nimekosa, lakini sijui nianzie wapi.

Ni mimi,
Mshonaji, Kariakoo.

JIBU

Marahaba. Jibu hili nalipeleka kwa posta leo, maana barabara ya Rufiji haingoji gazeti letu.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali karata ilipokosea, sikupaona. Kama ina maana, basi ilisema maana yake, na tena Zamzam aliisoma vizuri kuliko wewe mwalimu. Nami nikuambie wazi kwamba siamini karatasi inajua habari za nyumba ya Nassibu. Lakini hilo si kosa lako la leo. Kosa lako ni kwamba mtu alikuamini, akakuuliza njia, ukamwonyesha mlango wa chumba chako.

Kupanga karata? Hapana, na usirudie kuniuliza. Umemdanganya Agosti, ukamdanganya Novemba, unataka na Februari iwe na yake? Tena fikiri mbele. Akipanda basi kwa neno la karata, siku ya kwanza atakayogombana na mumewe kwa ajili ya chumvi atakuandikia umvutie nyingine. Mwanamke huyu hajawahi kuulizwa yeye mwenyewe anataka nini. Kila mtu ameiachia karata iseme.

Unasema mambo yaishe bila mtu kuumia. Mama, mtu ameshaumia. Anakata mikono ya upande mmoja.

Nakuhurumia, sikufichi. Mji huu umejaa watu, na bado mtu anaweza kukaa ndani yake na sahani moja. Kuogopa kubaki peke yako si dhambi. Lakini mdomo ulikuwa nao. Ungemwambia, "Mdogo wangu, ukiondoka nitabaki peke yangu, naogopa." Angelia, angekukumbatia, halafu angekwenda. Ulijua angekwenda, ndiyo maana ukaiacha kweli ukashika karata.

Sasa fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Barua hii ukiimaliza, mwite akae, na mkasi umwondolee mkononi. Mweleze karata ilivyotoka, ulivyoigeuza, na sababu. Na ile sheria ya Novemba uliyoitunga, usiiruke. Usianze kwa kulia, maana ukilia yeye ataanza kukubembeleza wewe, na hiyo itakuwa dhuluma ya pili. Msamaha usiuombe siku hiyo. Akikutukana, sikiliza. Akinyamaza, nyamaza.

Halafu nenda posta, umpigie Nassibu simu ya maandishi, yaani telegramu, kwa jina lako mwenyewe: kosa ni langu, mkeo hakukataa, msubiri. Usimwachie Zamzam aende kujieleza kwa jambo ambalo hakulifanya. Kama atakwenda au hatakwenda ni shauri lake, usitie neno hata moja, hata zuri.

Na zile karata, sina haja uzichome mbele za watu. Zifunge, uziweke chini ya masufuria ya yule bibi. Lakini mtu yeyote ambaye kuondoka kwake au kukaa kwake kunakugusa wewe, usimvutie tena maisha yako yote. Wahenga walisema mganga hajigangi. Wewe ulikuwa unajiganga kwa mwili wa mwenzako.

Bibi Scholastika.

YALIYOFUATA

Hiyo ilikuwa Februari. Sasa ni Aprili, na Mshonaji ameniruhusu nichape yote, pamoja na haya.

Alimwambia siku aliyopata jibu langu, saa nne asubuhi, barazani. Zamzam alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na ile ya kwamba karata inakasirika, nayo ulitunga?"

"Nayo."

Zamzam akakunja kitambaa alichokuwa anakikata, akakiweka juu ya cherehani, akaenda kulala kwa jirani yao Klara. Siku mbili hakusema naye. Jioni ya siku ya pili alipita akasema amekata tiketi ya Ijumaa, na kwamba hakumuuliza mtu. Ijumaa Mshonaji alimbebea sanduku mpaka kwenye basi. Zamzam alimwachia alibebe, lakini hakumtazama, na basi lilipoondoka alikuwa ameangalia upande wa pili.

Basi hilo lilivuka Rufiji. Lililofuata lilikwama matopeni siku nne. Alipofika, Nassibu alikuwa ameshapeleka posa kwa yule mwanamke, mahari bado. Simu ya maandishi alikuwa ameipata, lakini alidhani ni hila ya watu wa mjini. Wakagombana wiki nzima, wazee wakakaa, posa ikarudishwa. Familia ya yule binti haiwasalimu mpaka leo, na nadhani wana haki.

Wiki iliyopita ilikuja barua ya Zamzam kwa meli ya Mtwara, mistari minne. Mshonaji ameniletea mwenyewe ofisini niisome. Zamzam anasema yuko salama. Anasema ana mimba ya mwezi mmoja, anavyodhani. Anasema, "Dada, bado sijakusamehe." Na mstari wa mwisho: "Idi njoo."

Mshonaji alikaa kwenye kiti changu cha wageni, barua magotini, akaniuliza: "Bibi, hii sasa maana yake nini?"

Nilimwambia maana yake ni hiyo iliyoandikwa.