Mpare wa Jukwaani

Mdogo wangu Nakijwa,

Mpe Mama shikamoo yangu. Samaki wa huku pwani ni mtamu, ila leo nimemla kwa wivu. Kijiji hiki kina jukwaa la wazi lenye viti vya mawe ya matumbawe, na wanakijiji wenyewe huigiza historia yao. Muuza samaki aliigiza bibi wa bibi yake. Akisahau neno, watoto wote wanamkumbusha! Mara akatokea mtu na majembe begani: "Mimi Mpare, nimeshuka toka milimani. Nipeni chumvi, niwape majembe." Uwanja mzima ukashangilia. Babu zetu hao, Nakijwa! Wanajulikana huku kuliko hapo kwetu Vudee, ambako pale wahunzi walipofulia chuma sisi tumefunga mbuzi.

Baadaye yule aliyeigiza Mpare, mvuvi wa hapahapa, akaniuliza, "Na nyie kwenu mnaigizia wapi?" Roho ikaniuma, nikamjibu, "Tuna uwanja mkubwa kuliko huu."

Kwa hiyo mwambie Baba aombe msaragambo, kila kaya itoe mtu wa kufyeka uwanja pale, na yule mbuzi mumhamishe. Nimeshawaalika hawa wa huku waje.

Nimewamiss mpaka basi,
Dada yako Namkunda