Kondo Alivyomlaza Dada Yake

Zuleha, acha hiyo kazi usome. Kondo katuliza mtaa mzima!

Dada yake, Devotha, kaingia asubuhi kutoka Kanada, usiku kucha angani. Kashushwa garini kaegemezwa, hoi kwa usingizi. Kondo kapanga siku ya kwanza iwe ya kulala tu, milimani wapande kesho.

Mpango mzuri. Lakini kamwambia nani? Kapita nyumba kwa nyumba akizimisha redio: "Naombeni utulivu, sababu mtaijua baadaye." Kisha kafunga mapazia.

Wewe ungefikiria nini?

Saa sita mikeka imetandikwa uani, watu wanalia. Mkutano wa maji mwaka juzi walikuja watatu! Leo hata wa kule Msamvu wamo.

Kondo mlangoni: "Jamani, mtamwamsha!"

MTAMWAMSHA! Vilio vikapanda. Bi Semeni wa jirani akamshika mkono: "Mwanangu, kubali tu."

Ndipo Devotha akatoka na gauni la kulalia. Nusu ya waombolezaji wakatimua mbio.

Akawatazama waliobaki, machozi yakimlengalenga. "Wote hawa mmekuja kunipokea? Nilijua mmeshanisahau."

Bi Semeni, kilio kikiwa bado kooni, akapiga kigelegele.

Ukija jioni, ole wako umwambie Devotha.