Kovu la Huseni

Palma, Jumanne

Nimemdanganya mama tena.

Ile picha ya pacha wangu, marehemu Huseni, nimeimaliza leo. Hatukubakiwa na foto yake hata moja, kwa hiyo nilijitazama kwenye kioo nikajichora mwenyewe, ila bila ndevu. Mama akaishika, akalia. Kisha akauliza, "Hasani, mbona hukumtia kovu la kwenye paji? Si ndilo nililokuwa nikiwatambulia?"

Nikasema nimesahau.

Sikusahau. Jiwe lililompasua paji nililirusha mimi, tukiwa watoto, na Huseni akamwambia mama kaanguka. Hakunitaja mpaka anakufa.

Mama akawa anangoja. Nikachukua brashi, nikalitia kovu. Kwa mkono ule ule, mara ya pili, na mama bado anajua mwanawe alianguka.