Ndevu za Sindano

Jumatano, 2 Juni 1954
Sindano tena. Kwa miguu mpaka Tengeru, kisha lori la ndizi mpaka Arusha mjini. Nyumbani nimeaga kwamba nafuata vitabu vya shule. Uongo uleule wa kila Jumatano.

Daktari kafurahi, mwili unajaa. Dresa, msaidizi wake, kanirudia maneno yake kwa Kimeru, nisije nikajidai sikuelewa. Matubwitubwi niliyougua ukubwani yaliharibu korodani. Hazitoi tena ile nguvu inayoufanya mwili uwe wa kiume. Sindano inaziba pengo hilo. Mtoto haileti. Hata mbegu kidogo iliyobaki, kama ipo, itaikausha. Nikasema nimeelewa.

Nimerudi nikamkuta mke wangu, Eliwaza, anakunywa dawa chungu ya kufungua tumbo la uzazi. Mama yangu ndiye anayempikia. Anakunja uso, anameza.

Jumapili, 6 Juni
Mgongo mzima chunusi, kama kijana anayebalehe. Ndevu zinachomoza. Baada ya ibada wazee wamenitania: Mwalimu, mkeo anakulisha nini siku hizi? Nimecheka nao. Nimefurahi, tena sana. Aibu tupu.

Ijumaa, 11 Juni
Nimemrushia Eliwaza bakuli la uji. Eti umepoa. Halikumpata, likapasukia ukutani. Daktari alinionya kwamba huenda nikawa mwepesi wa hasira. Lakini sindano haikurusha bakuli. Mkono ni wangu. Eliwaza kafagia vigae, kaniletea uji mwingine.

Jumapili, 20 Juni
Mama kamwita baba mkubwa. Wamekaa sebuleni, Eliwaza yuko jikoni anasikia kila neno. Mama kasema: mtazame mwanangu sasa. Ndevu, sauti, mabega. Zamani alikuwa mlegevu, tukanyamaza. Leo kasoro iko wapi, kama si kwa huyu mwanamke?

Kumbe zamani lawama tuligawana. Sindano imenisafisha mimi, yeye ikamtwika mzigo wote. Baba mkubwa kaamua: Jumamosi arudishwe kwao. Nilikaa natazama viatu vyangu. Mwoga mwenye ndevu.

Jumatano, 23 Juni
Nimechomwa. Miguu imevimba, daktari kasema nipunguze chumvi.

Nikisema ukweli, Mlima Meru mzima utajua. Watoto shuleni watanitungia wimbo. Nikinyamaza, Eliwaza ataondoka na jina la tasa, na jina hilo halifutiki. Haya yote niliyajua tangu mwanzo. Kuugua si dhambi. Dhambi ni kumwacha augue badala yangu.

Jumamosi, 26 Juni
Baba mkubwa kaja asubuhi. Eliwaza alikuwa ameshafunga nguo zake. Kampa shikamoo kama kawaida, na kiti. Hapo ndipo nikashindwa kuvumilia.

Nimesema. Kasoro ni yangu. Nachomwa sindano mjini, hizi ndevu ni za sindano. Mama kapiga kelele kwamba nimelogwa, najitwika ya mke. Nikarudia tena, polepole, kama darasani. Baba mkubwa kachukua kofia, katoka bila kuaga.

Eliwaza kaniuliza moja tu.

“Ulikuwa unajua, na mimi nakunywa?”

“Nilijua.”

Kabeba mzigo wake, kaenda kwao. Hakuna aliyemrudisha. Kaenda mwenyewe. Sikuthubutu kumshika.

Jumatano, 30 Juni
Nimemkuta Eliwaza pale Tengeru, amesimama kando ya lori. Anataka kumsikia daktari kwa masikio yake. Neno langu halimtoshi tena. Ni haki yake.

Kauliza mengi ambayo mimi sijawahi kuuliza. Kama nikiacha sindano itakuwaje. Kama hasira zitaendelea. Kama tumbo lake lina ubaya wowote. Daktari kamjibu kwamba haoni sababu ya kulishuku. Eliwaza kamwomba dresa alirudie hilo la mwisho. Dresa karudia.

Tukapanda lori kurudi. Tengeru, kabla hajashuka, kaniambia atarudi siku atakayotaka yeye, si siku atakayoitwa. Na huenda asirudi. Nikasema sawa.

Kashika njia ya kwao katikati ya watu wa sokoni, kichwa juu. Anasalimia kila mtu.

Mama hajapika. Nimechemsha magimbi, nimekula peke yangu.