Uzio wa Theluji Jangwani

Jumapili, 5 Januari 2025
Saa kumi na mbili asubuhi. Baridi. Nimesoma vigingi vyote ishirini vya kupimia mchanga. Sufuri, sufuri, mpaka cha mwisho. Kofia ya sufu niliiacha nyumbani, masikio yameuma.

Sielewi. Kwao Mhandisi Aino, nchi ya baridi kali, uzio huu wa mbao huwekwa kando ya barabara ili theluji idondoke nyuma yake, isifike kwenye lami. Hapa nje ya Doha, kaskazini mwa Lusail, ameuleta kujaribu kama utakamata mchanga. Upepo wa majira haya humwaga mchanga barabarani karibu kila siku. Lakini nyuma ya uzio hakuna hata wa kujaza kiganja.

Jumatano, 8 Januari
Sufuri tena. Aino alikaa garini na michoro yake, hakugusa chai. Wakubwa wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Mchanga usipokamatika, uzio unang'olewa, nami narudi ofisini Al Sadd kuchapa barua.

Sitaki. Niandike wazi. Tangu mume wangu Josphat afariki, hii ndiyo kazi ya kwanza inayonitoa kitandani kabla simu haijalia. Naipenda. Hata baridi yake.

Leo nimekumbuka alivyokuwa akimenya chungwa. Ganda moja refu, lisikatike. Kisha ananivisha shingoni.

Ijumaa, 10 Januari
Kanisani, Abu Hamour. Baada ya ibada, chai ya maziwa. Wanjala akanijia anatabasamu. Mtu wa Bungoma huyu, dereva wa tingatinga la kampuni yetu, zamu ya alfajiri. Kazi yake ni kuondoa mchanga barabarani kabla magari hayajaanza.

"Mama Neema, mbona hamnishukuru? Huo uzio wenu nausafisha kila siku."

"Unausafisha vipi?"

"Mchanga unajaa pale nyuma, aibu kuutazama. Nautoa wote, nasawazisha. Kwa vile vijiti vyako natumia koleo, nisije nikaving'oa."

"Wanjala! Si nilikwambia usiguse uzio?"

"Na sijaugusa hata siku moja! Nimetoa mchanga tu."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia sketi. Wamama waligeuka kunitazama. Yeye naye akacheka, bila kujua kwa nini.

Jumamosi, 11 Januari
Kicheko kimeisha. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyetumwa kuwapa madereva maelezo. Niliwaambia wasiguse uzio, nikadhani imetosha. Mtu aliyeondoa mchanga miaka sita, atapitaje rundo na kuliacha? Nilipaswa kulijua hilo.

Naogopa kumwambia Aino. Naogopa zaidi kunyamaza.

Jumapili, 12 Januari
Nimesema. Kabla hata ya kusoma vigingi. 

Aino alinitazama, akautazama uzio, kisha akaketi chini mchangani akacheka kama msichana. Akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba kumbe uzio unafanya kazi, ila umepata mshindani hodari kupita kiasi. Hakumkaripia yeyote. Wanjala ameagizwa asafishe lami tu.

Zimebaki siku nne. Sasa tunahitaji upepo.

Jumanne, 14 Januari
Upepo hakuna. Bendera zimelala. Doha nzima inafurahia hewa safi, mimi naomba vumbi. Sijui kama ni dhambi.

Wanjala alisimamisha tingatinga kunichokoza. "Uliomba vibaya, Mama Neema. Umeufukuza." Anasema mikono inamwasha kila akipita pale na kuona chembe mbili tatu za mchanga.

Nimekula wali baridi nikiwa nimesimama. Hofu.

Jumatano, 15 Januari
Upepo! Tangu saa sita mchana. Majengo hayaonekani. Kwenye kundi letu la simu watu wanalia na nguo walizoanika. Mimi nimesimama dirishani, mchanga mdomoni, natabasamu kama mjinga.

Uendelee. Uendelee tu.

Alhamisi, 16 Januari
Magotini! Nyuma ya uzio kuna tuta refu, laini, lililofura kama mkate. Kigingi cha saba kimebaki ncha tu. Penye uzio, lami ni nyeusi safi. Mbele kidogo, pasipo na uzio, Wanjala alikuwa bado anachota.

Wakubwa walitembea urefu wote, wakarudi, wakatembea tena.   Kisha mkubwa wao alivua kiatu, akakung'uta mchanga, akasema uzio ubaki hadi baridi ijayo, na vipimo viendelee.

Viendelee! Nilimkumbatia Aino mbele ya watu wote. Akanikumbatia pia, ingawa nadhani kwao hawakumbatiani ovyo.

Wanjala alipiga picha tuta akaituma Bungoma. "Waone kazi niliyofanya kwa kuacha kufanya kazi." Amelipenda kuliko sisi. Alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mwenye shamba.

Jumamosi, 18 Januari
Nimefua mashuka mara mbili, maji bado yanatoka ya rangi ya chai. Nimelala mchana. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Jioni nilimpigia Neema, binti yangu, yuko Kitale kwa shangazi yake. Nikamweleza yote, uzio, Wanjala, upepo. Alicheka pale pale nilipotaka acheke. Kisha akauliza, "Mama, na mchanga ukifika juu ya uzio, mtafanyaje?"

Josphat hasa. Angeuliza hilo hilo, na asingekubali jibu la haraka.

Nimemwambia sijui. Nina mwaka mzima wa kulitafuta.